Dawa ya kosa ni kosa: hamira ilivyofichua mitambo ya kunakili jeni

Hamira inayoumua unga wa mikate na maandazi ni kiumbe hai wa seli moja, wa jamii ya kuvu, anayejulikana kitaalamu kama Saccharomyces cerevisiae. Upana wa seli yake ni mikroni 5 hivi, kwa hiyo seli 200 zikipangwa mstari mmoja hujaza milimita moja tu. Ndani ya kila seli mna kiini chenye kromosomu 16, na katika kromosomu hizo zimeandikwa jeni zipatazo 6,000 kwa herufi milioni 12 hivi za DNA. Mwaka 1996 hamira ilitangulia viumbe wengine wote wenye seli za kiini kusomwa vinasaba vyao vyote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

Jeni peke yake haifanyi kazi yoyote. Ni maagizo ya kutengeneza protini, na maagizo hayo hayatoki kwenye kiini mpaka yanakiliwe kwanza katika uzi wa RNA. Kazi ya kunakili hufanywa na protini zaidi ya 50 zinazokusanyika mwanzoni mwa jeni, na kila moja kati ya hizo nayo ina jeni yake. Kosa likiingia kwenye jeni ya protini mojawapo ya mtambo, athari yake haiishii hapo: jeni nyingine mamia au maelfu huanza kunakiliwa pungufu, kupita kiasi, au kuanzia mahali pasipostahili.

Kwa zaidi ya miaka 40 wataalamu wa jeni wamekuwa wakiharibu mitambo hii ya hamira kwa makusudi ili waelewe inavyofanya kazi. Kosa linaloua seli huonyesha kwamba kipande fulani kinahitajika, basi. Yaliyofundisha zaidi ni makosa ya aina nyingine: yale yanayotokea kwenye seli ambayo tayari ni mbovu, yakairudishia uhai.

Mtambo na vipande vyake

Mwaka 1969 Robert Roeder, akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alionyesha kwamba seli zenye kiini zina vimeng'enya vitatu vya kunakili DNA, tofauti na bakteria ambao wana kimoja. RNA polimerasi I hunakili RNA kubwa za ribosomu, mashine za seli zinazounda protini. Polimerasi III hunakili RNA fupi, zikiwemo zile zinazobeba asidi amino. Polimerasi II ndiyo inayonakili jeni zote za protini, nayo ndiyo imechunguzwa zaidi.

Polimerasi II ya hamira imeundwa kwa vipande 12, kuanzia Rpb1 mpaka Rpb12. Kumi kati ya hivyo vikikosekana seli hufa. Rpb4 na Rpb9 zikiondolewa seli huishi, ingawa hudhoofika joto linapopanda. Mwaka 2001 Roger Kornberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha umbo la kimeng'enya hiki likionyesha mahali pa kila atomu, kwa kutumia polimerasi iliyochujwa kutoka kwenye hamira. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2006, miaka 47 baada ya baba yake, Arthur Kornberg, kupata ya kwake.

Ikishika kasi, polimerasi II ya hamira hunakili herufi zipatazo 2,000 kwa dakika. Hata hivyo haijui jeni inaanzia wapi, wala haiwezi kuifungua DNA bila kusaidiwa. Protini iitwayo TBP hushika DNA karibu na mwanzo wa jeni. TFIIB huiunganisha TBP na polimerasi na kusaidia kuchagua herufi ya kuanzia. TFIIH hutumia nguvu ya seli kutenganisha nyuzi mbili za DNA. Juu yake huja Mediator, fungu la protini 25 linalopokea amri kutoka kwa protini za kuamsha jeni na kuzifikisha kwa polimerasi.

Protini zote hizi ni minyororo ya asidi amino za aina 20, iliyojikunja na kupata umbo maalumu. Herufi moja ya DNA ikibadilika, asidi amino moja inaweza kuchukua nafasi ya nyingine. Mara nyingi badiliko hilo halina madhara. Lakini likiangukia mahali ambapo protini hugusana na DNA au na protini jirani, asidi amino ndogo ikiondoka na kubwa ikaingia, au yenye chaji hasi ikaingia pasipo na chaji, mgusano huvunjika.

Faida ya hamira maabara

Binadamu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na nyingine ya mama, hivyo nakala mbovu mara nyingi hufichwa na nzima. Hamira inaweza kuishi ikiwa na seti moja tu ya kromosomu. Katika hali hiyo hakuna nakala ya akiba, na kosa lolote huonekana mara moja. Seli hugawanyika kila baada ya dakika 90 hivi kwenye lishe nzuri, na watafiti wanaweza kuzijamiisha nasaba mbili na kuchanganya makosa yao wanavyotaka.

Ugumu upo kwenye protini ambazo seli haiwezi kuishi bila hizo. Zikiharibika kabisa, hakuna seli inayobaki ya kuchunguzwa. Suluhisho ni makosa ya masharti: protini inayofanya kazi kwenye joto la kawaida lakini ikasambaratika joto likipanda. Kuyapata huanza kwa kumwaga seli zilizobadilishwa kwenye sahani ya agari na kuziacha siku mbili, mpaka kila seli iwe koloni, doa la rangi ya maziwa lenye upana wa milimita chache. Kisha kipande cha mahameli safi hukandamizwa juu ya sahani hiyo. Nyuzi zake huchukua seli chache kutoka kwenye kila koloni bila kuvuruga mpangilio, na mahameli hiyo hiyo hugongwa juu ya sahani mbili mpya. Sahani moja huwekwa kwenye nyuzi 24 za Selsiasi, nyingine kwenye nyuzi 37. Koloni linalokua kwenye sahani ya kwanza na kuacha nafasi tupu kwenye ya pili ndilo linalotafutwa.

Kwa njia ya namna hii ilipatikana nasaba maarufu iitwayo rpb1-1, iliyoelezwa mwaka 1987. Kwenye nyuzi 24 seli zake hukua. Zikihamishiwa kwenye nyuzi 37, utengenezaji wa RNA za protini husimama ndani ya dakika chache karibu kwenye jeni zote. Kwa miaka mingi nasaba hiyo ilitumika kupima RNA ya kila jeni hudumu muda gani: joto hupandishwa, unakili hukoma, kisha RNA iliyobaki hupimwa kila baada ya dakika kadhaa. Badiliko moja la protini likageuka kuwa swichi ya kuzima unakili wa seli nzima.

TBP na mshirika wake

Jeni ya TBP ya hamira haikugunduliwa kwa mara ya kwanza na waliokuwa wakiitafuta. Ndani ya kromosomu za hamira mna vipande vya DNA viitwavyo Ty, vyenye herufi karibu 6,000 kila kimoja, vinavyoweza kujinakili na kujipachika kwingine. Mara nyingine Ty huondoka na kuacha kipande cha mwisho wake, herufi 300 na ushei, kinachoitwa delta. Delta ikibaki mbele ya HIS4, jeni inayohitajika kutengeneza asidi amino ya histidini, mitambo huanza kunakili kutoka ndani ya delta badala ya mwanzo halisi wa HIS4. RNA inayotoka ni ndefu na haifai, na seli inakosa histidini.

Fred Winston, Gerald Fink na wenzao walizimwaga seli za namna hiyo kwa wingi kwenye sahani zisizo na histidini. Karibu zote zilikwama. Chache zilikua, na kati ya hizo zimo zilizokuwa na kosa la pili mbali kabisa na HIS4. Taarifa yao ya mwaka 1984 ilianzisha orodha ya jeni ziitwazo SPT. Ilikuwa wazi kwamba delta bado ipo palepale. Kilichobadilika ni mtambo wenyewe, ambao sasa uliidharau delta na kuanzia mahali sahihi. Mwaka 1989 ilibainika kwamba moja ya jeni hizo, SPT15, ndiyo jeni ya TBP. Nyingine katika orodha zilikuwa za histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa, na nyingine za protini zinazoandamana na polimerasi inapokimbia kwenye jeni.

Umbo la TBP ikiwa juu ya DNA lilipatikana mwaka 1993. Protini hiyo hukaa juu ya DNA mithili ya tandiko juu ya mgongo wa punda, ila hapa mgongo ndio unaopinda. Asidi amino nne za fenilalanini hujipenyeza kati ya herufi za DNA, mbili kila upande, na kuipinda kwa pembe ya nyuzi 80 hivi. Kwenye nasaba moja ya spt15, asidi amino ya 205, jirani kabisa na moja ya fenilalanini hizo, imebadilika kutoka lusini kuwa fenilalanini nyingine. TBP hiyo haiishii kushika mfululizo wa kawaida wa TATAAA. Hushika pia mifululizo mingine, ambayo TBP nzima huishika kwa shida. Badiliko la asidi amino moja limebadilisha usomaji wa DNA.

Badiliko jingine la TBP lilifundisha zaidi. Katika nasaba ya spt15-21, asidi amino ya 174 imebadilika kutoka glisini, ndogo kuliko zote na isiyo na chaji, kuwa glutamati yenye chaji hasi. Seli hizo hufanana mno na seli zilizopoteza protini nyingine kabisa, Spt3. Mwaka 1992 timu ya Winston ilitafuta makosa ya kuponya kosa hilo, ikapata moja ndani ya Spt3 yenyewe: asidi amino ya 240 ilikuwa imebadilika kutoka glutamati kuwa lisini. Yaani upande mmoja chaji hasi imeongezeka, na upande wa pili chaji hasi imeondoka na chanya ikaingia. Dawa hiyo iliponya kosa lile mahususi la TBP, si kila kosa la TBP. Maelezo yaliyoleta maana ni kwamba protini hizi mbili hugusana moja kwa moja.

Wakati huo hakukuwa na picha ya mgusano wowote. Baadaye ilifahamika kwamba Spt3 ni kipande cha SAGA, fungu kubwa la protini linaloifikisha TBP kwenye jeni. Mwaka 2020 darubini za elektroni zilipotoa picha za SAGA ikiwa imeishika TBP, Spt3 ilionekana ikigusana nayo. Sahani za agari zilikuwa zimelisema hilo miaka 28 kabla.

Herufi ya kuanzia

Kwa binadamu, jeni yenye mfululizo wa TATA huanza kunakiliwa herufi 30 hivi baada ya mfululizo huo. Kwa hamira umbali huo hubadilika kutoka herufi 40 hadi 120, na jeni moja inaweza kuwa na vianzio kadhaa. Mtambo wa hamira hutafuta mbele kwenye DNA kabla ya kuchagua pa kuanzia, na uchaguzi huo ni mwepesi kuvurugwa na mabadiliko ya protini.

Michael Hampsey na wenzake waliuchunguza kwa kutumia jeni ya CYC1, inayobeba maagizo ya protini ya saitokromu c. Ribosomu huanza kusoma RNA kwenye herufi tatu za AUG zinazotangulia. Walitumia nasaba ambayo AUG ya bandia ilikuwa imeongezwa kabla ya AUG halisi, hivyo ribosomu zilianzia kwenye bandia na protini haikupatikana. Kisha wakatafuta seli zilizopona. Katika baadhi yake, unakili ulikuwa umesogea mbele ukairuka AUG ya bandia, na RNA iliyotoka haikuwa nayo kabisa. Jeni mbili zilizokuwa na makosa ya kuponya ziliitwa SUA7 na SUA8. Mwaka 1992 SUA7 ilitambuliwa kuwa ni jeni ya TFIIB, na kosa mojawapo lilikuwa kwenye asidi amino ya 62: glutamati yenye chaji hasi imegeuka lisini yenye chaji chanya. SUA8 nayo ikaonekana kuwa ni Rpb1, kipande kikubwa kuliko vyote cha polimerasi.

Ndani ya Rpb1 mna kitanzi kidogo kinachofunga juu ya kila herufi mpya ya RNA kabla haijaunganishwa. Herufi ikiwa sahihi kitanzi hufunga vizuri na muungano hufanyika upesi. Ikiwa si sahihi hufunga vibaya na kazi huchelewa. Craig Kaplan na wenzake wamekichunguza kitanzi hicho badiliko kwa badiliko. Glutamati ya 1103 ikigeuka glisini, polimerasi huwa na mwendo mkali lakini hukosea zaidi. Histidini ya 1085 ikigeuka tirosini, mwendo hupungua sana. Na hapo kuna utaratibu unaojirudia: polimerasi zenye kasi huanza kunakili mapema, nyuma ya kianzio cha kawaida, na zile za polepole huanza mbele zaidi. Kasi ya kuunganisha herufi ndiyo inayoamua kianzio kipi kitanaswa mtambo unapopita.

Jeni ya IMD2 huonyesha seli inavyoutumia utaratibu huo kwa faida yake. IMD2 inahusika na utengenezaji wa GTP, moja ya malighafi nne za RNA. GTP ikiwa tele, polimerasi huanzia kwenye vianzio vya nyuma ambavyo herufi yake ya kwanza ni G. RNA inayotoka ni fupi na huharibiwa mara. GTP ikiadimika, vianzio hivyo hushindikana, polimerasi husonga mbele hadi kwenye kianzio cha herufi A, na RNA kamili ya IMD2 hupatikana. Asidi ya maikofenoli, ambayo dawa zake hupewa watu waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae, hupunguza GTP. Hamira ya kawaida huvumilia kwa kuiwasha IMD2. Hamira yenye polimerasi ya mwendo mkali hushindwa, kwa kuwa inang'ang'ania vianzio vya nyuma hata GTP inapokuwa haba, na ukuaji wake husimama. Kwa sababu hiyo dawa hiyo imekuwa kipimo rahisi cha kutambua makosa ya polimerasi: seli hupakwa kwenye sahani yenye dawa, na zinazokwama huchukuliwa kwa uchunguzi zaidi.

Mkia wa polimerasi

Mwisho wa Rpb1 una mkia mrefu usio na umbo maalumu, wenye asidi amino saba zilezile zinazojirudia mara 26 hivi kwa hamira na mara 52 kwa binadamu. Katika miaka ya 1980 Richard Young na wenzake, katika Taasisi ya Whitehead nchini Marekani, waliufupisha mkia huo hatua kwa hatua. Ukiwa na marudio 13 au zaidi hamira iliendelea vizuri. Yalipobaki 10 hadi 12 seli zilikua kwa shida, hasa kwenye baridi. Yalipopungua zaidi zilikufa.

Seli zenye mkia mfupi ziliwekwa kwenye baridi zikisubiriwa zilizopona. Makosa ya kuponya yaligawanywa katika jeni zilizoitwa SRB, na protini zake zilipochunguzwa zilikutwa zikiwa zimeshikamana katika fungu moja kubwa pamoja na polimerasi. Wakati huohuo maabara ya Kornberg ilikuwa ikichuja kutoka kwenye hamira kitu kilichohitajika ili protini za kuamsha jeni ziweze kuamrisha polimerasi kwenye bomba la majaribio. Njia mbili hizo zilikutana: protini za SRB ni vipande vya Mediator. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba Srb4, sasa Med17, ikisambaratishwa kwa joto, unakili wa karibu jeni zote za protini husimama, sawa na ilivyo kwa rpb1-1.

Amri ya kuwasha jeni

Mitambo mikuu ikiwa mizima, bado lazima ielekezwe kwenye jeni husika. Mfano uliochunguzwa sana ni Gal4, protini yenye asidi amino 881 inayowasha jeni za kutumia sukari ya galaktosi. Galaktosi ikiwepo bila glukosi, shughuli za jeni hizo huongezeka mara 1,000 hivi. Ikikosekana, protini ya Gal80 hushika mwisho wa Gal4 na kuifunika. Seli yenye Gal4 iliyoharibika haiwezi kukua kwa galaktosi. Iliyopoteza Gal80 huwasha jeni hizo hata pasipo galaktosi, hasara tupu kwa seli.

Mark Ptashne na wenzake waligundua katikati ya miaka ya 1980 kwamba Gal4 ina sehemu mbili zinazoweza kutenganishwa: asidi amino 147 za mwanzo hushika DNA, na sehemu ya mwisho huamsha. Sehemu ya kwanza ikiachwa peke yake hushika DNA bila kuamsha. Lakini mwaka 1990 walieleza nasaba ya ajabu ambamo Gal4 iliyokatwa sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuamsha iliziwasha jeni kwa nguvu. Kosa lilikuwa kwenye Gal11, kipande cha Mediator: asparajini ya 342 ilikuwa imegeuka isolusini. Badiliko hilo, kwa bahati tu, liliipa Gal11 uwezo wa kunata kwenye sehemu ya Gal4 iliyobaki. Likawa ushahidi mkubwa kwamba kuamsha jeni ni kuuleta mtambo mahali pake: kitu chochote kinachoinatisha Mediator karibu na jeni kinatosha kuiwasha, hata kama mgusano huo haukuwahi kuwepo katika maumbile.

DNA iliyofungwa

DNA katika kiini haiko wazi. Imezungushwa kwenye histoni, na mtambo ukiikuta imefungwa hauwezi kushika. Mwaka 1984 makundi mawili ya watafiti wa Marekani, kila moja kwa njia yake, yalipata jeni za hamira zilizokuja kuhusishwa na tatizo hilo. Maabara ya Marian Carlson ilikuwa ikitafuta seli zisizoweza kutumia sukari ya kawaida, ikapata jeni za SNF. Kundi la Ira Herskowitz lilikuwa likitafuta seli zisizoweza kubadili jinsia zao, likapata jeni za SWI. Baadaye ilifahamika kwamba SNF2 na SWI2 ni jeni moja, na protini za jeni kadhaa za SNF na SWI ni fungu moja, SWI/SNF, linalotumia nguvu ya seli kusukuma histoni pembeni.

Makosa ya kuponya ndiyo yaliyoelekeza huko. Seli zilizopoteza SWI/SNF zilipona pale histoni zenyewe zilipopata kosa. Mabadiliko ya histoni H3 na H4 yaliyofanya hivyo yalikuwa karibu na mahali zinapogusana na DNA, na yalilegeza mshiko wao. Histoni zikiwa legelege, fungu la kuzisukuma halihitajiki sana.

Kutoka sahani ya agari hadi wodini

Protini nyingi za mitambo hii zinafanana kwa hamira na binadamu, na makosa yake yana majina ya magonjwa. Mabadiliko katika vipande viwili vya TFIIH, vinavyoitwa Rad3 na Ssl2 kwa hamira, husababisha kwa binadamu ugonjwa wa kurithi wa kseroderma pigmentosa, ambao ngozi ya mgonjwa huungua na kupata saratani kwa mwanga wa jua. Hamira ilikuwa imeonyesha chanzo cha uhusiano huo: TFIIH hufanya kazi mbili, kufungua DNA kwa ajili ya unakili na kuifungua ili irekebishwe baada ya kuharibiwa na mionzi. Badiliko la lisini ya 48 ya Rad3 kuwa aginini huiacha seli ikiishi na kunakili jeni, lakini hudhoofika sana mbele ya mionzi ya urujuanimno.

Kipande cha SWI/SNF kiitwacho Snf5 kwa hamira kina mwenzake kwa binadamu, SMARCB1. Mwaka 1998 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba jeni hiyo hupotea katika saratani kali ya utotoni iitwayo uvimbe wa rabdoidi. Tangu hapo imebainika kwamba takriban moja kati ya saratani tano za binadamu ina mabadiliko katika jeni za fungu hilo.

Mediator nayo imo. Jeni ya SRB8, iliyopatikana kwa hamira yenye mkia mfupi iliyopona kwenye baridi, kwa binadamu huitwa MED12. Mwaka 2011 watafiti wa Helsinki, Finland, waliripoti kwamba karibu asilimia 70 ya uvimbe wa misuli ya kizazi waliouchunguza ulikuwa na badiliko la MED12. Uvimbe huo, unaofahamika hospitalini kama faibroidi, huwapata wanawake wengi, na wenye asili ya Afrika zaidi. Mara nyingi badiliko huwa kwenye glisini ya 44. MED12 hufanya kazi pamoja na kimeng'enya cha CDK8 na mshirika wake, saiklini C, ambavyo kwa hamira ni Srb10 na Srb11. Badiliko likitokea, MED12 hushindwa kukiamsha kimeng'enya hicho ipasavyo.

Mfanano huo una mipaka, nayo imepimwa. Vipande sita vya polimerasi ya binadamu vinaweza kuchukua nafasi ya vile vya hamira na seli ikaishi. TBP ya binadamu haiwezi, ingawa sehemu inayoshika DNA inafanana na ya hamira kwa asilimia 80 hivi. Kwa hiyo badiliko lililopatikana kwa mgonjwa haliwezi kuhukumiwa kwa hamira bila kwanza kuthibitisha kwamba protini husika inafanya kazi ileile katika viumbe wote wawili.

Siku hizi watafiti hawasubiri kosa litokee kwa bahati. Kila asidi amino ya kitanzi cha Rpb1 imeshabadilishwa kuwa kila moja ya nyingine 19, na seli zote zikapimwa kwa pamoja kwa kusoma DNA yao kabla na baada ya kukuzwa katika hali mbalimbali, zikiwemo sahani zenye asidi ya maikofenoli. Kisha mabadiliko huunganishwa mawili mawili. Yapo ambayo kila moja peke yake ni baya na yakikutana huua. Yapo ya kasi na ya polepole ambayo yakikutana hufutana, na seli ikakua karibu kama nzima. Ulinganisho wa jozi hizo ndio unaoonyesha asidi amino zipi za mtambo hutegemeana, hata pale ambapo picha ya atomu inaziweka mbalimbali.